Kwa Nini Diski Hazilali Usiku

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika ukumbi wa chakula wa shule)



Kamati iliponiomba nizungumze ilinipa dakika 20 na uhuru wa kuchagua jambo. Nilijua kuwa uhuru huo ulikuwa wa adabu tu. Wengi wenu mnataka kusikia jambo moja: zile picha za shule mlizoniamini nizitunze, zimepoteaje? Taarifa ya mwaka jana ilisema kwamba baadhi yake "zimeharibika kutokana na hitilafu ya mitambo". Maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe, na sisi watumishi wa serikali tunajua sana kuandika sentensi isiyo na mtu ndani yake. Leo nimekuja kueleza mtu huyo alifanya nini.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2019 tulianza kukusanya albamu za zamani kutoka kwa wenzetu. Tulizipiga skana, tukawarudishia wenyewe, na picha zaidi ya 3,000 nikaziweka nyumbani kwangu ndani ya seva. Kwa wale ambao hawajaiona, seva ya nyumbani ni kisanduku kisichozidi ukubwa wa redio ya mezani ya zamani. Ndani yake mna kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, na diski mbili, kila moja ya terabaiti 4. Diski hizo nilizifanya pacha, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa pia kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine iendelee. Si ubunifu wangu. Kuunga diski nyingi za bei nafuu ili zikingiane ni jambo ambalo David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walilieleza katika makala yao ya mwaka 1988, na leo linafanyika katika kila ofisi yenye kumbukumbu za maana.

Basi kisanduku changu nilikiweka sebuleni, chini ya televisheni, nikajiona nimemaliza kazi.

Mama yangu mzazi ndiye aliyeanza kulalamika. Alikuja kututembelea, akalala chumba kinachopakana na sebule, na asubuhi ya pili akaniuliza: "Mwanangu, hicho kidude chako kinasaga nini usiku kucha? Na unga hatuuoni."

Nilikaa nacho usiku uliofuata. Ni kweli kilikuwa kinasaga. Watoto wamelala, simu zimezimwa, hakuna mtu anayefungua picha hata moja, lakini diski zilikuwa zinakwaruza kana kwamba kuna karani ndani anapekua majalada. Niseme wazi kwamba niliingiwa na hofu. Jambo la kwanza nililofikiri ni mwizi, kwamba kuna mtu huko nje ameingia kwa njia ya mtandao, anazichota picha zetu. Nikachomoa waya wa mtandao. Diski zikaendelea kusaga vilevile. Hapo nikapata jibu la nusu: lililokuwa likizisumbua lilikuwa humo humo ndani.

Ndugu Mwenyekiti, hapa sina budi kueleza sauti ya diski inatoka wapi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Diski za aina hii zina sahani ngumu zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea, kilichobebwa na mkono, na kichwa hicho huelea juu ya sahani bila kuigusa. Mvumo mnaousikia muda wote ni wa mota inayozungusha sahani. Mkwaruzo ni wa mkono unaporuka kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Kwa hiyo mvumo hukuambia kwamba diski iko macho, na mkwaruzo hukuambia kwamba kuna aliyeituma. Kazi ni kumjua aliyetuma.

Katika Linux, ambayo ndiyo mfumo unaoendesha seva yangu, kuna programu ndogo iitwayo iotop. Ukiifungua inakuonyesha, kwa majina, kila programu inayosoma au kuandika kwenye diski kwa wakati ule. Nilikesha nayo usiku mbili nikiandika kwenye daftari, kama karani wa zamu.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa programu ya picha yenyewe. Mchana wake nilikuwa nimeingiza picha kama 400 za michezo, na ile programu ilikuwa ikifungua moja baada ya nyingine, ikitengeneza picha ndogo za kuonyesha kwenye orodha, ikitafuta nyuso na kuandika faharisi yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamsagia mama. Ilimaliza kazi yake ikanyamaza, na haikuwa na ubaya wowote.

Wa pili alinishangaza zaidi kwa sababu alikuwa mdogo sana. Kila baada ya muda mfupi diski iligonga, tk, ikanyamaza, kisha tk tena. Kumbe kila programu ina shajara yake. Inaandika kwamba saa fulani nimeamka, saa fulani nimekagua joto, saa fulani sikuona jambo. Na mfumo wenyewe hauandiki kila neno papo hapo. Unafanya kama mwenye duka anayeandika madeni kwenye kipande cha karatasi, halafu baadaye anayahamishia kwenye daftari kubwa. Kwa mpango wa kawaida, Linux huamka kila sekunde 5 kutazama kile karatasi, na deni lililokaa zaidi ya sekunde 30 hulihamishia kwenye diski. Ndiyo maana ule mgongo una mapigo yake. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hata kusoma faili tu kulisababisha kuandika, kwa kuwa mfumo ulipiga muhuri wa saa kila faili lilipofunguliwa, kama mkutubi anayepiga muhuri kitabu hata ukikitazama jalada tu. Tangu mwaka 2009 Linux imepunguza desturi hiyo.

Tk hiyo ndogo ina gharama yake. Diski nyingi zimepangwa zirudishe vichwa vyake kwenye maegesho zikikaa bila kazi, na mtengenezaji hutaja idadi ya safari ambazo vichwa vinaweza kwenda na kurudi, mara nyingi 300,000 au 600,000. Kulikuwa na diski zilizopangwa kuegesha baada ya sekunde 8 tu. Sasa chukueni diski ya namna hiyo mkaiunge na shajara inayoigutusha kila sekunde 30. Hiyo ni safari 2,880 kwa siku. Safari 300,000 zinakwisha kabla ya miezi 4. Vijana wa mchepuo wa sayansi waifanye hesabu hiyo wenyewe usiku huu, wasiniamini mimi.

Niliposoma hayo, ndugu zangu, nilipata bidii ya mtu aliyetoka semina. Niliamua kwamba diski zangu zitalala. Nikapunguza shajara, nikaihamisha kwenye kumbukumbu ya muda, nikaipangia programu ya picha ifanye kazi mchana tu, nikaziamuru diski zisimame baada ya dakika 20 bila kazi. Mpaka hapo sikukosea sana. Lakini daftarini kwangu palikuwa na mkesha wa tatu.

Huyu alikuja mara moja kwa mwezi. Katika Debian, aina ya Linux ninayoitumia, kwa miaka mingi ilikuwa desturi kwamba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa 7 kasoro dakika 3 usiku, mfumo unaanza kusoma diski pacha zote mbili kutoka sekta ya kwanza hadi ya mwisho na kuzilinganisha. Kwa diski za terabaiti 4 kazi hiyo huchukua saa 7 au 8 hivi. Haina mkwaruzo mkubwa, bali ni mngurumo mmoja usiokatika, hadi jua linachomoza. Mimi niliuona ni upuuzi. Picha zimo, nazifungua, zinaonekana, sasa anakagua nini? Mwaka 2020 nikalifungua lile faili la ratiba, nikaweka alama ya reli, hii mnayoibonyeza kwenye simu, mwanzoni mwa mstari mmoja. Ukaguzi ukakoma. Nyumba ikawa kimya, na mama alipokuja tena akanisifu.

Nadhani kila aliyelala kwenye mabweni haya anamkumbuka mwalimu wa zamu na kurunzi yake. Sisi wa 1998 tulikuwa na mwalimu ambaye hakuridhika kusimama mlangoni na kuhesabu vitanda. Alipita kitanda kwa kitanda, akafunua blanketi. Tulimchukia kwa hilo, kwa sababu tulikuwa tumelala. Lakini kulikuwa na Jumamosi ambazo chini ya blanketi hapakuwa na mtu, palikuwa na mto na sweta vimepangwa kwa umbo la mwanafunzi, na mwenyewe yuko mjini anatazama video. Kwa mtu aliyesimama mlangoni, bweni lilikuwa limejaa.

Sekta mbovu ya diski iko hivyo hivyo. Diski haijui kwamba sehemu fulani ya sahani imeshindwa kusomeka mpaka pale inapoombwa kuisoma. Sehemu inayosomwa kila siku itagundulika mapema. Lakini nani anafungua kila siku picha ya timu ya mpira ya mwaka 1974? Kumbukumbu za zamani ndizo hasa zinazokaa miaka bila kufunuliwa blanketi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na kampuni ya NetApp walichapisha matokeo ya kuzifuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 32: asilimia 3.45 kati yake zilikuwa zimepata makosa ya namna hii yaliyojificha. Mwaka huo huo wahandisi wa Google walitoa habari za diski zao zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ambayo ukaguzi umeikuta na kosa lake la kwanza ina uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zinazofuata, kuliko ile isiyo na kosa.

Tena ukaguzi haukuwa wa kutazama tu. Ukikuta sekta isiyosomeka kwenye diski moja, unachukua nakala yake kwenye pacha na kuiandika upya, na diski inaipa makazi mapya kwenye sekta za akiba. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa miaka mitatu, kazi hiyo ingefanyika bila mimi kujua. Lakini niliiwekea alama ya reli.

Mwaka 2023 diski moja ilikufa. Sikushtuka, maana pacha ipo. Nilinunua diski mpya, nikaichomeka, nikaamuru mfumo uijaze kutoka kwa ile iliyobaki. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu 2020 kwa diski ile iliyobaki kusomwa yote. Nilikaa karibu nayo. Kwa saa tano hivi ilinguruma vizuri. Ilipopita theluthi mbili ikaanza kusuasua: ikawa inakwaruza, inanyamaza, inarudia pale pale, inanyamaza, inarudia. Niliyekuwa nimejifunza kusikiliza niliielewa sauti ile kabla kioo hakijaniandikia neno. Ilikuwa inaomba kitu ambacho hakipo, na safari hii hapakuwa na pacha wa kuulizwa.

Picha 38 ziliharibika. Zilikuwa zimeingizwa siku moja, zikalala pamoja kwenye diski, na ndiyo sababu hasara yote imewaangukia karibu watu wa mwaka mmoja, yaani kaka zetu waliomaliza 1974. Baadhi hazifunguki kabisa. Nyingine zinafunguka nusu, kwa kuwa picha ya aina ile husomwa kutoka juu kwenda chini, na panapokosekana kipande, kinachofuata hugeuka rangi ya kijivu. Ile picha kubwa iliyopigwa mbele ya jengo la utawala, safu ya nyuma iliyosimama inaonekana vizuri, unaweza kumtaja kila mtu. Safu ya mbele imekuwa jivu tupu. Nanyi mnajua safu ya mbele huketi akina nani. Ni walimu.

Mzee mmoja aliyekuwa ametuazima albamu ile tulimrudishia mwaka 2019. Amekwisha fariki, na watoto wake wananiambia kwamba mchwa waliliingia sanduku. Nimekwenda kwao mara mbili.

Mtaniuliza kwa nini sikuwa na nakala nyingine mahali pengine. Ni swali la haki. Sikuwa nayo kwa sababu niliamini kwamba diski pacha ni nakala, na sivyo. Pacha hukinga kifo cha diski, lakini hakukingi dhidi ya moto, mwizi, wala alama ya reli. Sasa nakala zipo mbili, moja kwa mwenzetu wa kamati katika mji mwingine, na moja kwenye diski ya pembeni ninayoichomeka kila mwisho wa wiki.

Hiyo diski ya pembeni nayo imenifundisha sauti nyingine. Ni ya aina ambayo mistari yake ya kumbukumbu imepandana kama mabati ya paa, ili nafasi itoshe zaidi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kubadilisha bati moja la katikati bila kuinua yaliyolilalia. Kwa hiyo diski hupokea kazi haraka haraka na kuiweka pembeni, kisha ikipata nafasi huanza kupanga mabati yake yenyewe. Unaweza kumaliza kunakili, iotop inakuonyesha sifuri, na diski inaendelea kusaga, maana kompyuta haijui hata kidogo kinachoendelea mle ndani. Mwaka 2020 ilibainika kwamba mtengenezaji mmoja alikuwa ameuza diski za namna hiyo kwa ajili ya seva za nyumbani bila kueleza kwenye maelezo ya bidhaa, na wanunuzi wakawa wanahangaika kwa nini kujaza pacha mpya kunachukua siku nyingi. Ukinunua, uliza kwanza. Na kuna diski kubwa za siku hizi ambazo hugonga kila baada ya sekunde 5 hivi zikiwa hazina kazi, ili kusambaza kilainishi juu ya sahani. Hiyo nayo si ugonjwa.

Umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, msishangae mkisikia mngurumo mrefu ukirudi: mfumo haujui kama pacha walimaliza sentensi moja, hivyo unawalinganisha. Mimi nimenunua betri. Sauti ya kuogopwa ni ile niliyoisikia 2023, ya kurudia pale pale na kukwama, au mgongo mzito wa kufuatana huku faili linachelewa kufunguka. Ukiisikia hiyo, usianze kupekua mipangilio. Toa nakala kwanza.

Nilipiga pia hesabu ya umeme niliokuwa nimeokoa kwa kuzilaza diski. Diski ya ukubwa huu ikizunguka bila kazi hula kama wati 4 au 5. Zote mbili kwa siku nzima hazifiki robo ya uniti. Hiyo ndiyo faida niliyoipata.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Orodha ya picha 38, pamoja na zile nusu zinazoonekana, imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa maktaba. Kaka zetu wa 1974, na wengine mliokuwa na marafiki mwaka ule, tafadhali zitazameni kabla hamjaondoka. Inawezekana nakala ya picha ile ile iko kwenye fremu ukutani kwa mtu, au imekunjwa ndani ya Biblia au Msahafu wa bibi. Skana iko maktaba, na vijana wa kidato cha tano wamefundishwa kuitumia. Wapo hapo hadi kesho saa 6 mchana. Tangu asubuhi wameletewa picha 4, na moja kati yake ina walimu wawili wa safu ile ya mbele.

Kesho ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nyumbani kwangu, saa 7 kasoro dakika 3 usiku wa leo, ukaguzi utaanza. Mama yuko kwetu wiki hii, kwa hiyo nimempigia simu jioni hii kumtahadharisha kwamba kidude kitasaga hadi asubuhi. Amenijibu: "Basi na kisage, ila mlango wa sebule nitaufunga."